Kujifunza Huduma ya Dharura ya Porini: Mwongozo Kamili kwa Anayekwenda Mbali na Hospitali

Huduma ya kwanza ya mjini ina mwisho unaojulikana: unazuia damu, unamlaza majeruhi vizuri, unapiga simu, gari la wagonjwa linafika. Nyikani, mlimani au katikati ya msitu, mwisho huo haupo. Wanaofundisha fani hii huweka mpaka kwenye saa moja. Ukiwa zaidi ya saa moja kutoka kwenye matibabu kamili, hesabu kwamba uko porini, hata kama taa za mji unaziona kwa mbali. Kuanzia hapo hakuna wa kumkabidhi mgonjwa. Utakesha naye wewe.

Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wasikimbilie mbinu nyingi. Shikeni kwanza mambo mawili: kushughulikia matatizo kwa mpangilio wa kile kinachoua upesi, na kumkagua mgonjwa tena na tena kwa muda mrefu. Mengine yote, hata yale yanayovutia kwenye picha kama kuunda machela kwa kamba, yanakaa chini ya hayo.

Anza na kozi

Kusoma, pamoja na kusoma mwongozo huu, hakutoshi. Kuna mambo ambayo mikono haiyajui mpaka iyashike: nguvu inayohitajika kubonyeza kifua, uzito wa mtu aliyelegea, maumivu ya mkanda wa kubana damu unapokazwa ipasavyo.

Kozi za porini ziko za ngazi mbalimbali. Ya awali huchukua siku mbili hivi, saa 16 hadi 20, na inamfaa anayetembea na wenzake kwa siku moja au mbili. Ya kati hukaribia saa 40. Ya juu yake, inayochukuliwa na waongoza safari, watafiti wa nyikani na askari wa wanyamapori, huchukua saa 70 hadi 80. Shirika la NOLS, shule ya Marekani inayofundisha uongozi wa safari za nyikani, ni mojawapo ya yanayofundisha kozi hizi, na chama cha Wilderness Medical Society, kilichoanzishwa mwaka 1983, huchapisha miongozo ya kitabibu inayotumiwa na wakufunzi wengi. Kama hakuna kozi ya porini unakoweza kufika, chukua ile ya kawaida ya Msalaba Mwekundu au Mwezi Mwekundu, kisha jenga juu yake.

Kabla ya kulipa, muulize mkufunzi ni saa ngapi mtakuwa nje mkifanya mazoezi kwa vitendo, na kama kuna zoezi la usiku. Kozi ambayo siku nzima ni kukaa ukumbini mkitazama picha ukutani haitakufaa. Na kama una nafasi ya siku mbili tu mwaka huu, chukua ya siku mbili mwaka huu huu. Wengi husubiri ile ndefu hadi safari inawakuta hawana hata moja.

Jifunze kukagua kabla ya kutibu

Hapa ndipo pa kuweka nguvu zako nyingi. Ukimwona mtu ameanguka, simama kwanza. Tazama kilichomuumiza: je, kingalipo? Mawe bado yanaporomoka? Nyuki wametulia? Maji yanakwenda kasi kiasi gani? Mwokoaji akiumia, kundi linabaki na majeruhi wawili na mikono michache ya kuwahudumia. Hesabu walioumia ni wangapi. Jiulize ameangukaje na kutoka urefu gani. Vaa glavu. Yote haya hayamalizi dakika, lakini anayeyaruka hujikuta akiyalipia baadaye.

Kisha tafuta vinavyoua ndani ya dakika chache, kwa mpangilio huu: damu inayotoka kwa nguvu, njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, halafu hali ya fahamu na baridi. Ukikuta tatizo, lishughulikie hapo hapo kabla ya kwenda hatua inayofuata.

Baada ya hapo unakagua mwili mzima, kichwani hadi vidoleni, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Katika mazoezi, "majeruhi" analia kwa sababu ya kifundo cha mguu. Mwanafunzi anapiga magoti, anashika mguu, anaanza kutafuta kijiti cha kuufungia, na macho yake hayaondoki tena hapo. Kumbe mkufunzi amepaka rangi nyekundu mgongoni, chini ya koti. Dawa yake ni kuzoea utaratibu usiobadilika: bonyeza fuvu, shingo, mabega, kifua, tumbo, nyonga, miguu, mikono, kisha ingiza mikono yote miwili chini ya mgongo, itoe, itazame. Glavu ikitoka na damu, umepata jeraha ambalo pengine hata mgonjwa mwenyewe hakulijua. Fungua nguo na uitazame ngozi penye maumivu. Kupapasa juu ya koti nene hakukuambii chochote.

Halafu chukua vipimo. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika na pumzi 12 hadi 20. Bonyeza ukucha uwe mweupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2, ingawa vidole vilivyopoa kwa baridi huchelewa zaidi. Andika kama yuko macho na anajua alipo, au anaitikia sauti tu, au maumivu tu, au haitikii kabisa. Muulize kuhusu mzio, dawa anazotumia, magonjwa ya zamani, alikula na kunywa lini, alikojoa lini, na nini kilitangulia ajali.

Andika kila kitu pamoja na saa. Rudia kila dakika 15, au kila dakika 5 kama hali yake ni mbaya. Kipimo kimoja hakikuonyeshi mwelekeo. Chukua mtu aliyeangukia tumbo, anaongea vizuri, hata anataka kuendelea na safari. Saa nne kamili mapigo yake ni 84; saa nne na robo ni 96; saa nne na nusu ni 112, ngozi imepauka na ina jasho la baridi. Huyo anavuja damu ndani, ingawa bado anazungumza na wewe. Asiyeandika hatauona mteremko huo mpaka mgonjwa azirai.

Vinavyoua ndani ya dakika

Damu inayomwagika huzuiwa kwa kubonyeza moja kwa moja juu ya jeraha, kwa nguvu na bila kuchungulia kila baada ya sekunde chache. Jeraha lenye shimo refu lisindilie shashi mpaka lijae, kisha bonyeza kwa dakika 10 hivi. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haizuiliki, tumia mkanda wa kubana damu: uweke sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa moyo, usiuweke penye kiungo kama goti au kiwiko, kaza mpaka damu ikome kabisa, andika saa. Usiulegeze ili "damu ipite kidogo". Hivyo ndivyo watu wanavyopoteza damu waliyobaki nayo. Utauma sana, mwambie mapema. Kama huna mkanda wa kiwandani, kitambaa chenye upana wa sentimita 4 au zaidi na kijiti kigumu cha kukizungushia vinaweza kusaidia. Kamba nyembamba na waya hukata nyama.

Aliyepoteza fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu ili ulimi na matapishi visizibe njia ya hewa. Asiyepumua, bonyeza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, pumzi 2 kwa kila mibonyezo 30.

Mkufunzi mkweli atakuambia kwamba moyo uliosimama kwa sababu ya majeraha makubwa ni nadra kurudi ukiwa mbali na hospitali. Miongozo mingi ya porini inaruhusu kuacha baada ya dakika 30 bila dalili yoyote ya uhai, isipokuwa kwa hali kama ya mtu aliyepoa sana kwa baridi. Lakini aliyezama na aliyepigwa radi wana nafasi nzuri zaidi, na inafaa kuwapigania. Kwa aliyezama, anza na pumzi, kwa sababu amekosa hewa. Kwa radi, kama waliopigwa ni wengi, nenda kwanza kwa wanaoonekana wamekufa: wanaolia na kugaagaa kwa kawaida watapona, ila aliyenyamaza huenda anahitaji tu mtu wa kumpulizia hewa mpaka upumuaji wake uanze tena. Kugusa aliyepigwa radi hakuna hatari, mwili wake hauhifadhi umeme.

Mzio mkali, ule unaovimbisha koo na kubana kifua baada ya kuumwa na nyuki au kula kitu, dawa yake ni adrenalini, miligramu 0.3 kwa mtu mzima, sindano upande wa nje wa paja. Asipopata nafuu ndani ya dakika 5 hadi 15, dozi ya pili. Vidonge vya mzio havichukui nafasi yake. Mwenye historia ya mzio wa aina hii abebe sindano mbili, na wenzake wote wajue zilipo.

Kazi ya saa zinazofuata

Huku ndiko huduma ya porini inapoachana na ile ya mjini, na kozi nyingi za mjini hazikugusii kabisa.

Kwanza, ardhi. Majeruhi aliyelala chini anapoteza joto kupitia mgongo wake, hata siku ambayo wewe unaona hewa ni ya kawaida. Weka kitu chini yake kabla ya kumfunika juu. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, hiyo tayari ni hipothemia. Anayetetemeka na ana akili timamu, mvue nguo zenye maji, mvalishe kavu, mpe kinywaji chenye sukari. Aliyeacha kutetemeka, anayejikwaa maneno, huyo usimpe kitu mdomoni. Mlaze, mshughulikie taratibu bila kumsukasuka wala kumsugua, kwa sababu moyo uliopoa hutibuka upesi. Mfunge kama kifurushi: turubai nje, godoro la kambini, mfuko wa kulalia, na chupa za maji ya moto zilizovingirishwa kitambaa kifuani na kwapani.

Pili, vidonda. Kidonda kidogo kilichopuuzwa kinaweza kumaliza safari siku ya tatu. Kinachokiokoa ni maji mengi kuliko dawa kali. Tumia maji yanayofaa kunywa, nusu lita hadi lita nzima, uyasukume kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kwa mfuko wa plastiki uliotobolewa tundu dogo pembeni. Toa mchanga na majani kwa koleo safi. Usimwage spiriti ndani ya nyama iliyo wazi. Kidonda kirefu, kichafu au cha kung'atwa kisifungwe midomo yake porini. Kiache wazi ndani, weka shashi yenye unyevu, funika, na ukifungue kila siku ukitazame. Wekundu unaopanuka, joto, usaha, michirizi inayopanda kuelekea moyoni au homa ni amri ya kuondoka. Chora mpaka wa wekundu kwa kalamu. Baada ya saa chache utajua bila kubishana kama umepanuka. Aliyeng'atwa na mnyama aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe akapate chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili huwa umechelewa.

Tatu, mifupa. Kabla ya kufunga banzi na baada ya kufunga, pima mambo matatu chini ya jeraha: mapigo, hisia, na kama vidole vinasogea. Banzi lishike kiungo cha juu na cha chini ya mahali palipovunjika, na liwe na vitu laini ndani. Godoro la kambini lililokunjwa na nguo hutosha kwa sehemu kubwa. Mguu uliopinda ambao chini yake umekuwa wa baridi na hauna mapigo unaweza kunyooshwa kwa kuuvuta polepole kwa kufuata mstari wake. Ukikuta ukinzani au maumivu yakizidi, acha na ufunge ulivyo. Paja na nyonga ni habari nyingine: mfupa wa paja uliovunjika unaweza kuficha damu zaidi ya lita moja, na nyonga hata zaidi. Nyonga inayoshukiwa kuvunjika ifungwe kwa kitambaa kipana usawa wa vichwa vya mapaja, ile mifupa inayojitokeza ubavuni mwa nyonga. Watu wengi hukosea na kukifunga kiunoni.

Kuhusu uti wa mgongo, kuna utaratibu wa kuamua nani anahitaji kulindwa shingo na nani hahitaji. Jifunze huo darasani, chini ya macho ya mkufunzi. Sitauandika hapa.

Mazingira yenyewe

Joto likipita nyuzi 40 na mtu akachanganyikiwa, hicho ni kiharusi cha joto. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye: mtumbukize kwenye maji huku umeshika kichwa chake, au mloweshe mwili mzima na kumpepea bila kuchoka.

Milimani, ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana juu ya mita 2,500 hivi. Maumivu ya kichwa yakija na kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida, usipande zaidi. Mtu akishindwa kutembea kwa kuweka kisigino mbele ya kidole, au akihema akiwa amekaa tu, ashuke mara moja, mita 300 hadi 1,000, hata kama ni usiku, mradi njia ni salama. Kinga ni rahisi kuliko tiba: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya unapolala leo na utakapolala kesho, na pumzika siku moja kila baada ya siku 3 au 4.

Nyoka. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na makadirio yake ni vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Usikate, usinyonye, usichome, usiweke barafu, wala usifunge mkanda wa kubana damu. Ule niliousifu hapo juu ni wa damu inayomwagika tu. Vua pete, saa na viatu kabla uvimbe haujaanza, tuliza kiungo kwa banzi, andika saa, mpeleke kwenye hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu. Kumsaka nyoka ili umtambue kunaongeza aliyeumwa wa pili.

Anayehara sana anaokolewa na maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Anywe kidogo kidogo mfululizo.

Kubaki au kuondoka

Uamuzi huu ni mgumu kuliko kufunga jeraha lolote, na ndio unaofundishwa kidogo. Fahamu inayoshuka, kuhema kusikopungua, mapigo yanayopanda, maumivu ya tumbo yaliyozidi saa kadhaa, kiungo kisicho na mapigo, degedege baada ya kuumia kichwa: hao waondoke kwa njia ya haraka iliyopo. Mwenye kifundo kilichoteguka anaweza kusubiri kesho na kutembea mwenyewe taratibu. Mgonjwa akibaki katikati ya hizo, amua ukiwa bado na mwanga wa mchana, maana giza hupunguza njia zako.

Kabla ya kuamua kumbeba, fanyeni hesabu. Machela kwenye njia mbaya huhitaji watu 6 kwa wakati mmoja, na wengine wa kuwapokea. Kundi la watu wanne haliwezi; litume ujumbe. Wanaotumwa wawe wawili, na waende na karatasi, kwa kuwa maneno ya mdomo hupotea njiani. Iandikwe: mgonjwa ni nani na ana umri gani, nini kilitokea, anasema nini, umeona nini, vipimo na saa zake, umemfanyia nini, mko wapi kwa alama za ramani, mnahitaji nini.

Simu ya mkononi ijaribu namba 112, ambayo mitandao mingi huipitisha hata pasipo mtandao wako. Kwa safari za mbali kabisa, kifaa cha dharura cha masafa ya megahezi 406 hutuma ishara kwa mfumo wa setilaiti wa Cospas-Sarsat. Na filimbi isikose: milimani ishara ya dharura ni miito 6 ndani ya dakika moja, kunyamaza dakika moja, kisha kurudia. Anayejibu hupiga 3.

Begi na mazoezi

Begi lijazwe baada ya kozi, kwa vitu unavyojua kuvitumia: glavu, shashi nyingi, bandeji za kunyumbuka, mkanda wa kubana damu, bomba la sindano, plasta pana, mkasi, koleo, dawa za maumivu, chumvi za kurudisha maji mwilini, karatasi na penseli. Penseli, kwa sababu kalamu ya wino hukataa kwenye mvua.

Cheti kwa kawaida hudumu miaka 2 au 3, lakini mikono husahau mapema zaidi. Kila mwezi fanya zoezi moja dogo na mwenzako: fumba macho ufunge mkanda kwenye paja lako kwa mkono mmoja, mkague mtu mwenye afya kichwani hadi vidoleni huku ukiandika, mpakie kwenye mfuko wa kulalia bila yeye kusaidia hata kidogo. Fanyeni baadhi ya hayo usiku, kwa tochi moja, na mvua ikinyesha ni bora zaidi. Kabla ya kila safari tazama tarehe ya kuisha ya adrenalini, na mwonyeshe angalau mtu mmoja kwenye kundi jinsi ya kuitumia, maana mgonjwa wa safari hiyo anaweza kuwa wewe.